Majibu yametoka, naogopa kwenda kuyachukua

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, nauza vitenge sokoni hapa Mwanza. Mwezi wa nne nikiwa naoga niligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya harage. Hospitali ya rufaa walinipiga ultrasaundi, kisha wakachukua kinyama kwenda kupima. Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu kwamba majibu yametoka, niende kliniki Alhamisi yoyote. Sijaenda. Karatasi ya miadi nimeiweka ndani ya Biblia. Mama anayetuongoza kwenye kikundi cha maombi anasema nikienda kuyachukua nitakuwa nimeukiri ugonjwa, na kwamba hofu yangu ndiyo mlango anaopitia shetani. Amenipa mfungo wa siku 21. Mume wangu yuko machimboni Geita, hajui lolote. Usiku napiga magoti lakini maneno yananiishia. Shangazi, nikienda nitakuwa sijamwamini Mungu?*

*Mama wa wawili, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma asubuhi, mchana nikairudia. Jibu langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta: nenda. Nenda Alhamisi hii hii, na Biblia yako mkononi ukitaka, na ile karatasi humo humo ndani.

Yaliyoandikwa kwenye majibu yako yalishaandikwa. Mtaalamu wa maabara alikiangalia kile kinyama kwa darubini, akaandika alichokiona, akaweka sahihi. Usipokwenda hayafutiki, na ukienda huongezi hata nukta. Kinachopotea ni siku. Na ulimi wako, mwanangu, haukuuumba uvimbe ule. Ulikuwepo kabla hujautamka kwa mtu yeyote.

Vimbe vingi vya matiti si saratani. Vingine ni vifuko vya maji, vingine ni vinyama vya kawaida visivyo na madhara. Siwezi kukuahidi kwamba wako ni mmoja wa hivyo, na mtu yeyote anayekuahidi kabla ya kuona majibu anakuahidi asichokijua. Lakini hata kama ni saratani, uvimbe wa punje ya harage una nafasi kubwa ya kutibika kuliko ule uliosubiri. Huku kwetu wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na hapo daktari anakuwa amebakiwa na machache ya kufanya.

Nilikuwa na jirani, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Alikaa na uvimbe wake miezi minane chini ya kanga, anaombewa. Siku aliponiita chumbani kwake, dirisha lilikuwa limefungwa na mafuta ya kunukia yamejaa chumba kizima, na bado harufu nyingine ilipenya. Alipofungua kanga niliona pamba imelowa. Akaniambia, "Mama, niliambiwa nisitie shaka." Tulimzika kabla ya Krismasi. Namkumbuka kila ninapopata barua kama yako, na ndiyo maana sina uwezo wa kukuandikia kwa kuzungukazunguka. Imani ya yule mama haikuwa ndogo hata kidogo. Waliokuwa karibu naye waliielekeza mahali pabaya.

Sasa hiyo hofu. Umeambiwa ni mlango wa shetani. Fungua Marko 14 ukamtazame Bwana Yesu Gethsemane. Anawaambia wanafunzi wake, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe." Aliomba kikombe kimwondokee, na hakuomba mara moja tu. Aliogopa, akasema wazi jinsi roho yake inavyoumia, akataka marafiki wakae karibu naye. Wao wakalala. Kama hofu peke yake ni kukosa imani, basi itabidi tuseme hivyo na juu yake, na mimi sithubutu.

Unasema maneno yanakuishia. Basi chukua yaliyokwisha kuandikwa. Zaburi ya 13 inaanza hivi: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni sala, imo ndani ya Biblia ile ile ulimoweka karatasi, na hakuna aliyemkemea aliyeiomba. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, hata mstari mmoja wa shangwe mwishoni haina, na kanisa limeisali vizazi na vizazi. Na kama hata hizo ni ndefu kwako usiku huo, yuko baba mmoja kwenye Marko 9 aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu na kulia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Maneno machache. Yesu hakumrudisha nyumbani akafunge kwanza. Alimponya mtoto.

Kuna maneno mengine ninayoyapenda kuliko yote kwa mtu aliye mahali ulipo. Shadraka, Meshaki na Abednego wamesimama mbele ya Nebukadreza, tanuru linawaka. Wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Halafu wanaongeza, "Bali kama si hivyo." Kama si hivyo, bado hawataiabudu sanamu yake. Wahubiri wetu wengi wanaishia kwenye "aweza kutuokoa", makofi yanapigwa, ibada inafungwa. Mimi nadhani uzito wa imani ya vijana wale umo kwenye maneno yanayofuata. Hawakujua watatoka au wataungua. Walichojua ni wao ni wa nani.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe hadi kliniki. Kumwamini Mungu hakukudai ujue majibu kabla ya kuyasoma. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utolewe, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Paulo huyo huyo, aliyetumiwa na Mungu kuponya watu, anamwandikia Timotheo kwamba "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Alimwacha mgonjwa, akaendelea na safari, na hakusema Trofimo hana imani. Na Timotheo mwenyewe, aliyekuwa akisumbuliwa na tumbo, aliambiwa atumie mvinyo kidogo. Kwa siku zile hiyo ilikuwa dawa. Hata Mfalme Hezekia, baada ya kuahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona, Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake.

Na hapa kwetu, hizo hospitali tunazoambiwa ni za wasioamini zilijengwa na nani? Peramiho ni ya Wabenediktini. Haydom ilianzishwa na Walutheri mwaka 1955. Bugando hapo juu ya mlima kwenu ni ya maaskofu wa Kanisa Katoliki. Watu walichangisha sadaka, wakavuka bahari na dawa kwenye masanduku, kwa sababu waliamini Mungu anaponya. Hawakuona ugomvi kati ya dripu na sala.

Huyo mama wa maombi usigombane naye. Huenda anakupenda na anaogopa kama wewe. Mwombe akusindikize Alhamisi, akae kwenye benchi anaomba wakati wewe uko ndani. Akikataa, tafuta mwingine. Kuhusu siku 21, mtu aliye kwenye vipimo asifunge bila kumwambia daktari. Kunywa uji wako asubuhi.

Mume wako lazima ajue, tena leo. Najua unataka kumlinda, yuko shimoni huko na hutaki mawazo yamsumbue akiwa kazini. Lakini akija kusikia kwa shemeji kwamba ulibeba jambo hili peke yako tangu mwezi wa nne, litamuumiza namna nyingine. Subiri jioni atoke kazini, mpigie. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Mwambie, "Baba fulani, nina jambo, kaa kwanza." Halafu sema kwa mfuatano: uvimbe, kipimo, simu ya hospitali, Alhamisi. Ukilia, lia, simu haikatiki kwa machozi. Watoto waambie kidogo tu kwa sasa, kwamba mama anakwenda kumwona daktari.

Siku yenyewe nenda na daftari. Ukiwa na hofu masikio hufunga, utasikia neno moja na mengine yote yatapita. Anayekusindikiza aandike. Muulize daktari ni kitu gani hasa walichokiona, ni vipimo gani vimebaki, matibabu yanaanza lini na wapi, na bima yako inalipia nini. Omba nakala ya majibu yabaki kwako. Kama hukuelewa, mwambie arudie, hakuna aibu. Usikubali kutoka mlangoni bila tarehe inayofuata, hata kama habari ni njema, maana uvimbe usio saratani nao huangaliwa tena.

Halafu ukitoka usikimbilie sokoni. Kaa chini ya mti, kunywa chai, mpigie mume wako yeye wa kwanza. Bwana alisema, "Yatosha kwa siku maovu yake," na Alhamisi itakuwa na yake ya kutosha. Mambo ya ada za watoto, nani atakaa dukani, mawifi watasemaje, yaache Ijumaa.

Nimekuandika kwenye karatasi ninayoibandika jikoni, juu ya jiko, mahali ninapoona kila nikipika. Nimeandika "Mama wa wawili, Alhamisi, asubuhi." Muda huo nitakuwa nimesimama hapo nakuombea. Niandikie ukirudi, hata kama ni mstari mmoja.

Shangazi