Mwindaji akiwa jeshini ng'ambo, mpelekee msimu wake

Kifurushi cha kwanza tulichomtumia kijana wa jirani yangu kilifika Djibouti kikinuka sabuni. Tulikifunga watu sita, jioni nzima tumeizunguka meza kama wanaopanga sanduku la bibi harusi. Tulitia nyama kavu ya kulungu, chokoleti, sabuni za kuogea, soksi nene, na vile vifuko vya kupasha mikono joto ambavyo mwindaji wa huku Wisconsin, Marekani, haingii porini bila kuwa navyo. Chokoleti iliyeyuka ikazama kwenye soksi. Nyama ilinyonya harufu ya sabuni ikawa hailiki. Vifuko havikuwa na kazi yoyote mahali ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 40.

Kijana alituandikia ujumbe mzuri wa shukrani. Ukweli alimwambia mamake peke yake, na mama ndiye aliyetupa habari baada ya wiki kadhaa. Iliniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekulia kwenye joto na unyevu wa pwani, najua chokoleti hufika wapi na huishia wapi, lakini jioni ile nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni katika kundi. Tangu hapo tumetuma vifurushi vingi, na sasa nasema. Haya ninayoyaandika ni kwa Waswahili wenzangu mlioko Marekani, hasa mnaoishi kwenye majimbo ya wawindaji na mna jirani, mfanyakazi mwenzenu au mtoto wenu wa kuzaa aliyepelekwa nje na jeshi. Vijana wetu waliojiunga ni wengi sasa.

Niseme kwanza nilivyoingia katika mambo ya uwindaji, maana Mkenya mwindaji ni kitu kigeni. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo nilikua bila kumwona mtu akitoka na bunduki kutafuta kitoweo kwa njia halali. Nilipohamia Wisconsin nilikuta jambo jingine kabisa. Msimu wa bunduki wa kulungu ni siku tisa, unaanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, na siku hizo vijiji hubadilika rangi: kila mtu amevaa jaketi la rangi ya chungwa inayowaka ili asidhaniwe mnyama. Mafundi hufunga karakana. Watu waliotawanyika mwaka mzima hurudi kwenye kambi zao za porini, vibanda vya mbao ambavyo baadhi vilijengwa na babu zao. Jirani yangu, mzee mkimya sana, alinialika mwaka wa pili wa ujirani wetu. Nilisoma kwanza kozi ya usalama, kwa sababu sheria ya jimbo inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 awe nayo ndipo anunue leseni. Kijana wake ndiye aliyenifundisha kukaa kimya juu ya mti kwa saa nne. Yeye ni fundi bomba, na pia yumo katika Walinzi wa Taifa, lile jeshi ambalo askari wake wana kazi zao za kawaida mpaka siku wanapoitwa.

Aliitwa mwezi wa Agosti. Msimu wa Novemba ukawa wa kwanza kumpita tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili.

Baada ya kifurushi cha sabuni, nilifanya jambo ambalo tungelifanya mwanzo: nilimwuliza anataka nini. Jibu lake lilikuwa refu kuliko nilivyotarajia na halikuwa na chakula ndani yake. Jeshi linawalisha, duka la kambini lina biskuti. Alitaka kujua kama mialoni ya bonde la nyuma imeangusha mbegu nyingi mwaka huu. Alitaka kujua nani amekaa kwenye kiti chake cha juu ya mti, na kama yule dume mwenye pembe iliyopinda ameonekana. Alitaka picha ya ubao wa kambi yetu ya porini ambapo huandikwa nani kaua nini tangu miaka ya sabini. Alikuwa na hofu kwamba msimu utapita kama vile hakuwahi kuwapo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote, ni barua. Barua ya karatasi, iliyoandikwa kwa mkono, na iandikwe palepale kambini. Sisi huweka daftari mezani, na kila anayerudi kutoka porini anaandika alichokiona kabla hajavua viatu. Saa kumi na mbili asubuhi barafu kwenye nyasi. Majike matatu, hakuna dume. Upepo umegeuka saa tatu. Mtu aliyekaa mchangani Djibouti anaposoma kwamba upepo uligeuka saa tatu, anajua kulungu walihamia upande gani, na kwa dakika ile amerudi kwao. Mwisho wa siku tisa tunalifunga daftari lote na kulituma kama lilivyo, na matone ya supu juu yake. Kijana alinieleza baadaye kwamba alilisoma kurasa mbili mbili kila usiku ili lisiishe haraka.

Usijaze barua maneno ya kumsifu kwa ushujaa, na usimwulize ameona nini huko. Akitaka atasema.

Sasa nyama, maana najua mtatuma tu hata nikisema nini. Ile nyama kavu ya vipande ningeilinganisha na nyirinyiri ya kwetu, isipokuwa hii haikaangwi kwa mafuta; inakolezwa viungo na kukaushwa. Wengi hapa wanaikausha nyumbani, na kwa kula nyumbani wiki hiyohiyo inafaa. Kwa safari ya wiki mbili tatu hadi nchi ya joto, nyama ambayo haikukauka sawasawa huota ukungu. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ifikishwe kwanza nyuzi 71 za Selsiasi ndipo ikaushwe, kwa sababu joto dogo la mashine ya kukaushia haliui vijidudu. Mimi siku hizi nampelekea bucha mwenye mashine ya kufungia bila hewa, nikamwomba nyama yangu isichanganywe na ya watu wengine.

Na hapa pana jambo ambalo wenzangu hawakulijua kabisa, nikalijua mimi kwa sababu ni Mwislamu. Nyama ya kulungu haina mafuta mengi. Ukimpelekea bucha akutengenezee soseji kavu nyembamba, zile ambazo kila mwindaji anazipenda, mara nyingi atachanganya nyama au mafuta ya nguruwe ili zisiwe ngumu, na wakati mwingine hata utumbo wa kuvishia ni wa nguruwe. Mimi tangu mwanzo nilikuwa namwomba aweke mafuta ya ng'ombe na ngozi isiyo ya nguruwe, kwa sababu zangu za dini, na yeye hakuona taabu. Siku tunapanga kifurushi cha pili nikauliza: soseji hizi za kumpelekea kijana zimetengenezwaje? Kumbe nusu zilikuwa na nguruwe. Bidhaa za nguruwe haziruhusiwi kutumwa kwenye anwani nyingi za kijeshi zilizo katika nchi za Kiislamu, pamoja na pombe na picha za utupu. Kifurushi kingezuiliwa, au kingemtia kijana wa watu matatani na wakubwa zake. Tangu siku hiyo kundi zima linaagiza soseji za kutuma kwa maelekezo yangu. Nilipomweleza mama kwa simu kule Mombasa, alifurahi kuliko nilipomwambia nimenunua nyumba.

Hata isiyo ya nguruwe, uliza kwanza. Kila anwani ya kijeshi ina namba yake ya posta, na kila namba ina orodha yake ya vilivyokatazwa. Zipo zinazokataa nyama ya aina yoyote. Mtu wa posta akiingiza ile namba anaiona orodha. Risasi haziendi kwa posta, hata moja ya ukumbusho. Makopo ya kupuliza pia hayaendi. Betri ziulizie. Sabuni na dawa ya meno zifunge kwenye mfuko wake wa plastiki, mifuko miwili ikibidi, na uzitume katika boksi tofauti na chakula. Badala ya chokoleti, weka unga wa kuchanganya na maji ya kunywa, wenye ladha ya limau au chungwa. Kwenye joto lile maji ni mengi na yanachosha mdomo.

Kuhusu anwani: andika jina kamili, kikosi, na zile herufi za APO au FPO, yaani posta ya kijeshi, pamoja na namba. Usiandike jina la nchi wala mji, kwa sababu ukiandika Djibouti kifurushi kinaweza kuingia kwenye posta ya kimataifa na kupotelea huko. Ukiandika vizuri utalipa kama unatuma ndani ya Marekani, na posta ina boksi kubwa la bei moja ambalo kwa anwani za kijeshi hupunguzwa. Utajaza fomu ya forodha, kwa hiyo orodhesha vitu unapovipanga, usingoje ufike kaunta. Zamani ungeweza kuandika tu "kwa mwanajeshi yeyote" na kifurushi kikafika kwa mtu. Wizara ya Ulinzi iliusimamisha mpango huo mwaka 2001, wakati wa hofu ya barua zenye kimeta. Sasa lazima uwe na jina la mtu, na mtu mwenyewe awe amekupa anwani. Usiibandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Usitaje mtandaoni yuko kambi gani na anarudi lini. Mama yake kijana alikataa kuniambia hata mimi tarehe ya kurudi, na alifanya sawa.

Tarehe zina hila yake. Ukingoja kulungu wa Novemba, bucha ana foleni ya wiki kadhaa baada ya msimu, halafu safari ya posta, na nyama itafika Krismasi imeshapita. Kulungu wa kifurushi ni wa upinde na mshale, ambao msimu wao unafunguliwa katikati ya Septemba. Ukimpata Oktoba, bucha hana watu, na mwishoni mwa Novemba boksi liko njiani. Daftari la kambi litafuata lenyewe baadaye, na lina utamu wake kufika Januari wakati wengine wameacha kuandika.

Kuna upande mwingine ambao sikuufikiria mpaka mke wa kijana aliponifungulia friza yao kunionyesha kitu kingine kabisa, nikaona haina kitu. Nyumba hii ilikuwa inakula kulungu wawili kwa mwaka. Mwindaji alipoondoka, kitoweo cha majira ya baridi kiliondoka naye, na watoto wawili wamebaki na mama anayefanya kazi zamu ya usiku. Hatukuwa tumeona, watu wazima watano tuliokuwa tukijisifu kwa boksi la posta. Msimu ule kulungu wa kwanza wa kambi alikwenda kwao, amekatwakatwa na kufungwa kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja. Kuuza nyama ya kulungu ni kosa kisheria, kumpa mtu ni halali. Ila kabla hujampa mtu mwenye watoto, mpime mnyama. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002 na umeenea. Idara ya Maliasili ya jimbo hupima bure, na mamlaka za afya zinashauri mnyama aliyekutwa nao asiliwe. Pelekeni nyama majibu yakishatoka. Mkifika, tazameni pia kama kuni zimepasuliwa na kama theluji imeondolewa mlangoni. Kazi hizo alikuwa akizifanya yeye.

Kijana alirudi mwezi wa Mei. Novemba iliyofuata tulimwandalia kiti chake, bunduki yake imesafishwa na babake, sote tukingoja. Akasema mwaka huu atawinda kwa upinde tu, msimu wa kimya, na siku tisa za bunduki atakuwa mpishi wa kambi. Mmoja wetu alianza kumshawishi, mzee akamgusa bega akanyamaza. Alipika siku zote tisa. Alfajiri alikuwa akituamsha kwa kahawa, na jioni ndiye aliyeandika kwenye daftari tunayomsimulia, kwa kuwa mwaka ule lilikuwa linakwenda kwa kijana mwingine wa kijiji hiki, aliyeko Kuwait.

Mwaka huu tuna wawili wa kuwatumia. Wa pili ni binti wa rafiki yangu kutoka Kisumu, aliyejiunga alipomaliza shule, na hajawahi kuwinda hata sungura. Nilimwuliza anataka nini. Amesema majani ya chai ya nyumbani, tangawizi ya unga, na kama haitakuwa taabu, nakala ya lile daftari analosikia tunalizungumzia. Wanaume wa kambini wameshaambiwa waandike herufi zinazosomeka.