Niliacha Kila Kitu, Nikagombania Jembe

Juzi usiku nikiwa nashusha chandarua, simu ikaita mlio wa ujumbe. Binti wa miaka 22, anasema amekuwa akisoma tafakari zangu za Jumapili tangu yuko kidato cha sita. "Tumsifu Yesu Kristo, dada. Nimeamua kuingia monasteri ya masista wa ndani. Nimeshauza simu kubwa, nguo nimegawa, nimebaki na magauni matatu na ndala. Najisikia mwepesi sana. Naomba unishauri, nipunguze nini tena?"

Nilicheka peke yangu. Magauni matatu! Mimi nilikwenda na mawili.

Wengi wenu mnanijua kama yule mhasibu wa Kimara anayeandika mambo ya sala. Wachache sana wanajua kwamba niliwahi kukaa miezi 11 katika monasteri ya masista wa taamuli, wale wasiotoka nje ya ukuta, huko kusini kwenye baridi. Sijawahi kuandika habari hiyo, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa hasira. Nadhani hasira imepungua kiasi cha kushika kalamu.

Nilikuwa na miaka 25, nina digrii, nina kazi ambayo wenzangu walikuwa wakiililia. Nikaandika barua ya kuacha. Mama alilia wiki nzima, shangazi akasema nimerogwa. Mimi nilikuwa juu mawinguni. Nilipanda basi la alfajiri na begi moja, ndani mna magauni mawili, kanga, Biblia, rozari na mswaki. Safari nzima nilikuwa nikilitupia jicho lile begi jinsi lilivyosinyaa, kama mtu anayekitazama cheti chake cha ufaulu wa daraja la kwanza. Abiria wa pembeni aliponiuliza mzigo wangu uko wapi, nilijibu "ndio huu" kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka nataka kujificha.

Nilipewa chumba chenye kitanda, meza, kigoda, ndoo na msalaba ukutani. Nikasema, hapa ndipo.

Miezi mitatu ya kwanza siwasimulii. Ni kengele saa kumi na nusu alfajiri, Masifu (sala ya asubuhi ya Kanisa), Misa, uji, shamba, viazi, kengele tena. Tulikuwa mapostulanti wanne, yaani wasichana wa hatua ya kwanza ya majaribio. Mchana tulilima au tulikata hostia, ile mikate myembamba ya Misa, jioni tulikaa mbele ya Ekaristi kimya, na mimi mara nyingi nilisinzia.

Kila usiku tulitakiwa kuchunguza dhamiri. Wenzangu walifunga macho. Mimi nilifungua daftari. Nilichora mstari katikati ya ukurasa, nikaandika tarehe na nilichojinyima siku hiyo: leo nimekunywa chai bila sukari, leo nimeacha kiazi cha pili, leo sikukaa karibu na moto. Mwisho wa wiki najumlisha. Mhasibu ni mhasibu.

Juni ilipofika, baridi ya kule inauma hadi kwenye meno. Mlezi wetu akaleta mablanketi ya ziada. Nililikataa langu kwa heshima zote, nikaandika kwenye daftari. Mwenzangu wa chumba cha pili, msichana mpole aliyeishia darasa la saba, alipokea lake kwa mikono miwili, akasema "asante sana mama", akaenda kulala. Nilimdharau. Nilitetemeka usiku kucha huku nikimdharau.

Sasa jembe. Ghalani kulikuwa na majembe saba, na moja lilikuwa na mpini mwepesi, laini, uliokaa kwenye kiganja kana kwamba ulichongwa kwa ajili yangu. Nilikuwa nalichukua lile kila siku. Asubuhi moja nikakuta yule msichana wa blanketi ameliwahi. Nililima siku ile na jembe ambalo mpini wake ulikuwa ukicheza, na kila likicheza moyo wangu ulichemka. Kesho yake nikaamka mapema. Kesho kutwa, tulipomaliza kazi, nikalificha nyuma ya magunia ya mkaa.

Sista mzee wa bustani ndiye aliyelikuta. Akalinyanyua mbele yetu sote, akauliza bila ukali wowote, "Hili ni la nani?"

Nikajibu: "Langu."

Ndugu zangu, pale hakuna aliyekuwa akisema neno hilo. Hata chumba unacholala ni "chumba chetu". Niliacha mshahara, kitanda cha futi tano kwa sita na mchumba aliyekuwa ameshaanza kujipanga kuja kwetu, nikaja kupata kitu cha kuita changu kwenye ghala la monasteri. Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, ameandika sura nzima, ya 33, kwenye Kanuni yake ya maisha ya wamonaki, kwamba mmonaki asiwe na chochote cha kwake, iwe kitabu, vibao vya kuandikia au kalamu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangaa mtu mzima kuhangaika na kalamu. Baada ya jembe sikushangaa tena. Mtu aliyeacha nyumba anaweza kuhamia ndani ya kalamu na familia yake yote.

Mwezi wangu wa kumi na moja pale, Mama Mkuu akaniita. Hatukumaliza dakika kumi. Akasema ameniombea, na anaona si hapa. Nilipouliza kosa langu, akasema, "Mwanangu, roho yako ina mahesabu mengi." Nikapewa nauli na mkate wa njiani. Ni hayo tu. Hakuna aliyenieleza kabla kwamba napimwa kwa hilo, hakuna aliyenipa nafasi ya kujirekebisha, na kwa kweli hadi leo naona nilistahili zaidi ya dakika kumi. Yule msichana wa blanketi ana nadhiri za daima sasa. Nasikia ndiye anayesimamia bustani. Nimeshamsamehe, ingawa sijui alinikosea nini.

Nilirudi Dar nikiwa nimekonda na nimenuna. Miaka miwili sikugusa kitu chochote cha watawa. Kilichonirudisha ni Teresa wa Mtoto Yesu. Huyu aliingia Karmeli, monasteri ya masista wa taamuli kule Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafariki mwaka 1897 akiwa na 24, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanalifaa Kanisa lote. Nilikuwa simpendi. Ile sanamu yake na maua ya waridi ilinionekea ya kitoto.

Halafu nikasoma habari ya mtungi. Chumbani kwake alikuwa na kamtungi kazuri ka maji, na siku moja akakuta kameondolewa, kamewekwa kengine kakubwa kalichomegeka kila upande. Anasimulia pia taa yake ilivyochukuliwa usiku mmoja akabaki gizani, na sista aliyekuwa akimrushia maji machafu usoni wakifua. Niliruka kitandani. Kumbe hata Karmeli kulikuwa na majembe! Tofauti ni kwamba yeye hakuweka hesabu ya madeni. Kwenye sala yake ya kujitoa, Juni 1895, anamwambia Mungu kwamba jioni ya maisha haya atasimama mbele yake mikono mitupu, kwa sababu hamwombi ahesabu matendo yake.

Mikono mitupu. Na mimi nilikuwa nimebeba daftari la kurasa 96.

Hata kusinzia kwenye sala hakukumpa shida sana. Alisema wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawasawa na wakiwa macho. Mimi kila nikisinzia nilikuwa najikata alama.

Kwa hiyo, sisi tunaoitafuta njia hii, wewe uliye kwenye ukuta na wewe uliye kwenye daladala ya Mbezi, ushauri wangu ni huu: acha kuhesabu. Ukipewa blanketi, lipokee. Benedikto huyohuyo kwenye sura ya 34 anasema asiyehitaji vingi amshukuru Mungu wala asihuzunike, na anayehitaji zaidi ajinyenyekeze kwa udhaifu wake. Yule msichana alikuwa ameiishi sura hiyo bila kuisoma, na mimi msomi nilikuwa natetemeka.

La pili, linafanana na la kwanza: fanya kazi iliyo mbele yako, moja. Bruda Lorenzo, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alikuwa mpishi, na jikoni hakukupenda kabisa. Lakini alisema anageuza kimanda chake kwenye kikaango kwa kumpenda Mungu. Ukigeuza kimanda, geuza kimanda. Usigeuze huku unajitazama unavyogeuza.

Na nyinyi mnaopiga picha kona ya sala, mkeka, mshumaa mmoja, Biblia imefunguliwa kwenye Zaburi, halafu mnaandika "maisha ya kawaida tu", nawapenda lakini niwaambie ukweli: hilo nalo ni begi lililosinyaa. Bwana Yesu alimwambia Martha, aliyekuwa akihangaika na kuhudumia wageni, kwamba kinatakiwa kitu kimoja tu. Hakumwambia awe na sufuria moja. Unaweza kuwa na sufuria kumi na ukawa mnyofu wa moyo, unaweza kuwa na moja ukalala umeikumbatia. Ufukara wa kujionesha ni utajiri mchafu kuliko ule wa benki, maana wa benki angalau unalipiwa kodi. Tubuni. Mimi nimeshatubu, sasa hivi naamka saa kumi na nusu ileile, nasali Masifu kabla ya foleni, nguo zangu zote zinaenea kwenye sanduku moja, na mwaka huu sijanunua hata...

Ona sasa. Nimeshaanza kujumlisha.

Nimemjibu yule binti jana asubuhi nikiwa kituoni. Nimemwandikia: "Milele amina, mdogo wangu. Usipunguze kitu tena. Ongeza gauni la nne, na ubebe sweta, kule kuna baridi."

Hazikupita dakika tano akajibu. "Sawa dada, asante sana. Sasa hilo sweta, ninunue jipya au nitafute la mtumba lililochakaa kidogo?"

Sijamjibu bado.