Hamira si mdudu

SWALI: Katika makala ya biolojia nimekuta sentensi hii: "Wadudu wengi wa hamira wanaishi ndani ya wadudu." Je, upatanisho wake ni sahihi?

JIBU: Upatanisho hauna neno. Balaa ni huyo "mdudu" wa kwanza. Siku hizi chochote kisichoonekana kwa macho ni mdudu: bakteria mdudu, virusi mdudu, na sasa hamira! Mdudu ana miguu sita. Hamira, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kuvu ya seli moja, ndugu wa uyoga, na huzaliana kwa kuchipuza. Kwa hiyo hamira inaishi, hamira zinaishi. Atakayedai kwamba kiumbe hai lazima kiwe cha ngeli ya A-WA atuambie kama mbuyu "anaishi".

Mchukue mbawakawa wa tumbaku. Ana vifuko kando ya utumbo, na humo hukaa hamira inayomtengenezea vitamini za kundi B. Jike huipaka juu ya mayai. Buu akianguliwa hula ganda na kuimeza. Akiikosa, na chakula chake hakina vitamini hizo, hudumaa. Sasa yaandike hayo kwa lugha ya makala yako: mdudu humpaka mdudu kwenye yai ili mdudu amle mdudu amlishe mdudu. Nani kamla nani?

"Vijidudu" hakuokoi kitu, maana kijitoto bado ni mtoto. "Vimelea" ni kumsingizia mpangaji anayelipa kodi. "Wadudu wa malaria" nimeshawasamehe, wamezoeleka mno. Katika makala ya biolojia sisamehi.

"Wengi" nalo linapotosha, kwa kuwa linahesabu vichwa. Utafiti uliochapishwa 2005 ulipata kwenye matumbo ya mbawakawa wa Marekani na Panama sampuli zaidi ya 650 za hamira, na karibu spishi 200 zilikuwa ngeni kwa sayansi. Hizo ni aina nyingi. Andika: "Aina nyingi za hamira huishi ndani ya wadudu."

Na "ndani ya" lisiandikwe kwa mazoea. Kwanza lithibitishwe: mdudu huachwa bila chakula siku moja hadi tatu, huzamishwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa dakika moja au mbili, husuuzwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, ndipo utumbo hutolewa na kupandwa kwenye agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea hamira) yenye asidi, pH 3.5, ili bakteria wasitangulie. Maji ya mwisho ya kusuuzia nayo yapandwe kwenye sahani yake. Hamira ikiota huko, ganda la nje la mdudu halikutakata: andika "kwenye wadudu".