Mbegu zimeota mu maji ya chumvi, tupande?

SWALI: Jambo. Niko mulimaji wa mupunga kule Luvungi, mu Bonde la Ruzizi. Fasi ya chini ya shamba, jua likichoma siku mbili tatu, udongo unapanda bweupe kama vile mutu amemwanga unga. Nililoweka aina mbili za mbegu mu maji ya chumvi ya kupikia, zote zikaota. Bwana yangu anasema tupande tu, mi naogopa. — Mama mulimaji

JIBU: Mama, uoga wako uko na maana, papa atusamehe. Mupunga ukiwa unaota haumwogopi sana chumvi, shida inaungojea mbele, wakati uko na majani mbili tatu, halafu tena wakati wa maua. Mbegu inaweza kuota vizuri kabisa na mumea ukakufa wiki ya pili.

Na hujaniambia uliweka chumvi ngapi! Rudilia hivi: kijiko kidogo cha chai, cha kusawazisha, ni karibu gramu 6, tia mu litri moja, sahani ingine nusu ya kijiko, na ya tatu maji tupu, juu bila hiyo utajuaje kama mbegu imeuliwa na chumvi ama ilikuwa ya zamani tu? Mbegu 100 kila sahani juu ya kitambaa, na ufunike, maji ikikauka chumvi inabaki inakuwa kali zaidi. Angalia siku ya 5 na ya 10, na usihesabu midomo peke: ile imepasuka lakini muzizi umebaki kadogo, usiitie mu hesabu. Chumvi inazuia maji kuingia mu punje, ndiyo maana aina ingine inachelewa tu na ingine inabaki pale pale.

(Wengine wanasema "mi naloweka mu chumvi kila mwaka". Ile ni ya kutoa mapepe yenye kuelea, dakika chache na unasuuza, haiko mambo moja.)

Kijiko kizima ni kali sana, mupunga wa kawaida unaanza kupoteza mavuno mbele sana ya kufika pale. Kwa hiyo aina yenye kushinda, ipande kwanza mu beseni na udongo wa ile fasi nyeupe, wiki tatu. Ncha za majani zikikauka nyeupe na kujikunja, acha.

Hata Pokkali, mupunga wa Kerala kule India wenye wanasayansi wanatumia kama kipimo cha uvumilivu, unaumia chumvi ikizidi. Mbele ya kupandikiza, ingiza maji safi, itoe, ingiza tena, na miche iwe imekomaa kidogo. Ile kona nyeupe kabisa, mi ningeiacha mwaka huu.