Bima ya hatimiliki kwa nyumba ya mnada Marekani
Ndugu, umeuliza kama bima ya hatimiliki, yaani inayokufidia mtu akijitokeza na dai la zamani juu ya nyumba, itakulinda ukinunua nyumba ya mnada Marekani. Inasaidia, ila usisubiri ushinde ndipo uitafute. Lipia upekuzi wa hati kabla ya mnada, uone ni mkopo upi usiolipwa unaouzisha nyumba. Mkopo huo ukiwa wa pili kusajiliwa, ule wa kwanza unabaki palepale juu ya nyumba. Hapo ndipo wengi wanaumia. Kukiwa na deni la kodi ya serikali kuu lililosajiliwa baada ya mkopo huo, IRS (mamlaka ya kodi ya serikali kuu) ina angalau siku 120 baada ya mnada za kuikomboa nyumba, yaani kukurudishia fedha zako na kuichukua, basi usianze ukarabati mkubwa mapema. Soma Jedwali B la bima: yaliyoorodheshwa pale kuwa hayamo, hayalipwi. Bima ya benki haikulindi wewe; nunua ya mmiliki, inalipiwa mara moja tu.