Futa hiyo telegramu ya Hearst kabla hujawasilisha pendekezo lako

Mdogo wangu, futa hiyo sentensi ya kwanza. Ifute leo, kabla hujaenda stesheneri kuchapa nakala za msimamizi.

Umesema unasoma uzamili wa historia, mada yako ni vyombo vya habari vya Marekani na vita, na pendekezo lako la utafiti linaanza na kisa cha William Randolph Hearst, mwenye gazeti la New York Journal, akimjibu mchoraji Frederic Remington aliyekuwa Cuba akilalamika kwamba huko kumetulia: "Baki hapohapo. Wewe leta picha, vita nitaleta mimi." Ukauliza kama mwanzo huo unavutia, vyanzo vya bure vinapatikana wapi, uongeze vita gani vingine, na kama shahada hii ina ajira. Waliotangulia kukujibu wamekupongeza. Mmoja kakuambia huo ni mwanzo mkali, usiuguse. Niliposoma hapo nikaweka chakula pembeni, maana mwanzo huo ninaujua. Nimeulipia.

Tasnifu yangu ilianza na telegramu hiyohiyo. Sura ya pili ikaegemea hapo, ya nne ikarudi hapo kufunga hoja: Hearst alivitaka vita, akavichapa gazetini, na Aprili 1898 Marekani ikaingia vitani na Hispania. Ilisomeka vizuri mno. Msimamizi wangu akaipitisha akisema nina kalamu nzuri. Nikachapa nakala, nikazibandi, nikawapigia simu nyumbani. Mama na mashangazi wakashona sare za kitenge cha mahafali.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mpole sana. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu ya nukuu ile, akaniuliza, "Mwanangu, hii telegramu umeiona?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, imenukuliwa na waandishi sita, wote wako kwenye rejea.

"Sijauliza nani kainukuu. Nimeuliza umeiona?"

Kikapita kimya. Akasema basi tuwafuate hao sita, mmoja mmoja. Akaanza kufunua rejea zangu. Wa kwanza alimtaja wa tatu. Wa tatu alimtaja wa tano. Wa pili na wa nne hawakumtaja mtu. Wa sita akatupeleka kwa James Creelman, mwandishi wa habari aliyeiweka kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1901. "Sasa huyu Creelman," akauliza, "yeye aliiona wapi?" Sikuwa na jibu, na mdogo wangu, hakuna aliye nalo. Remington na mwandishi Richard Harding Davis walikwenda Cuba Januari 1897. Creelman wakati huo hakuwa Cuba wala New York, alikuwa Ulaya. Hakusema kisa alikipata kwa nani. Hiyo karatasi ya telegramu haijawahi kuonekana, na Hearst mwenyewe alikana kwamba aliituma.

Tasnifu ikarudishwa. Sura mbili zifumuliwe upya, na hoja yenyewe itafutiwe msingi mwingine. Nikaingia mwaka wa ziada na ada ya ziada. Nilikuwa na bodaboda moja niliyoinunua kwa kudunduliza, kijana mmoja akiiendesha na kuniletea hesabu kila Jumamosi. Ndiyo iliyolipa ada hiyo. Vitenge vikakunjwa vikarudi sandukuni, na mama hakuniuliza hata mara moja kulikoni. Hilo liliniuma kuliko ada.

Kilichoniumiza zaidi ni kugundua kwamba ningeweza kuushtukia uongo ule kwa akili ya kawaida tu. Hebu tazama. Remington anadaiwa kusema Cuba kumetulia, hakuna vita. Januari 1897? Wacuba walikuwa wameinuka dhidi ya Hispania tangu Februari 1895! Jenerali Weyler wa Hispania alikuwa amekwishaletwa na anawaswaga wanavijiji kambini. Vita vilikuwa vinaendelea, na ndivyo walivyopelekwa kuviripoti. Halafu Wahispania ndio walioshika mitambo ya simu za maandishi Havana na kuzikagua. Ujumbe wa Mmarekani anayesema ataanzisha vita ungepitaje mbele ya macho yao bila kelele? La mwisho, Remington anadaiwa kuamriwa abaki, lakini alikaa siku chache tu akarudi zake, na Journal likaitoa michoro yake kwa fahari kubwa. Mtu aliyemkaidi bosi wake hapambwi hivyo. Hoja hizi mtafiti W. Joseph Campbell alikwishazipanga miaka mingi kabla sijaandika neno langu la kwanza. Mimi sikumtafuta kwa sababu sikudhani kuna cha kutafuta.

Na hapa niseme wazi, maana nina dukuduku. Kisa kile nilikitoa kwenye madesa. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa juu alikuwa anauza madesa ya historia ya Marekani, kurasa zimekoza wino wa fotokopi, na telegramu ile iko juu kabisa ndani ya kisanduku. Hakuweka chanzo. Nilipomuuliza alisema, "Hiyo kila mtu anaijua." Ndugu, mtu akikuambia "kila mtu anaijua" kwenye kazi ya historia, shika begi lako uondoke. Alichukua hela za watoto wa wakulima akawauzia umbea uliopigwa chapa. Na msimamizi aliyenisifia kalamu bila kuuliza swali alilouliza yule mama, naye ana sehemu yake. Kazi yake ilikuwa kuniuliza mapema, tukiwa wawili ofisini, gharama ikiwa wino mwekundu tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, nimeuandika kwa karatasi nikaubandika ukutani: karatasi ya siku ile kwanza. Kabla hujaandika kwamba fulani alisema au gazeti lilifanya, fungua gazeti lenyewe la siku hiyo, barua yenyewe, kumbukumbu yenyewe. Ukiikosa, andika kwamba haipo, na mjadili aliyeisimulia kama msimulizi tu.

Unaweza kudhani ukiitoa telegramu ile kazi itapooza. Ngoja nikuambie nilichokikuta nilipoanza upya. Tafuta Journal la tarehe 12 Februari 1897. Davis alikuwa ameandika kuhusu wanawake wa Kicuba waliopekuliwa na Wahispania ndani ya meli ya Kimarekani, Olivette, akimtaja binti mmoja, Clemencia Arango. Remington alikuwa amekwisharudi Marekani. Hakuwamo melini na hakuona chochote. Akachora akiwa mbali: msichana amesimama uchi, amegeuza mgongo, na maofisa wa kiume wamemzunguka wanapekua nguo zake. Mchoro ukachapwa kwa ukubwa. Taifa likachemka. Kisha Arango mwenyewe akafika Marekani, na gazeti la World la Joseph Pulitzer, mpinzani mkuu wa Hearst, likamhoji. Akasema waliompekua walikuwa wanawake, faraghani. World likauanika kwa tarumbeta uongo wa mwenzake, na Davis akajitenga na mchoro ule na kuachana na kazi za Hearst.

Unaona uzito wa kitu hicho? Huo ni uongo wenye tarehe, wenye ukurasa, wenye mchoraji, wenye mwathirika anayekana kwa kinywa chake. Unaweza kumwekea mtahini mezani. Usiku ule nilikaa na simu kiganjani, bando linakaribia kukata, nakuza picha kidogokidogo mpaka mistari ya kalamu ya Remington ikaonekana kwenye bega la yule msichana. Nikajiuliza ni watu wangapi wamefundisha ile telegramu isiyokuwepo huku ukurasa huu upo wazi, bure, na hawajawahi kuufungua.

Ukurasa huo ukanirekebisha hata hoja kuu. Uongo wa Hearst ulikuwepo, lakini kusema gazeti moja la New York ndilo lililoipeleka nchi vitani ni jambo jingine kabisa. Nilisoma magazeti ya miji midogo ya majimbo mengine nikakuta mengi yana lugha yake na mashaka yake. Manowari ya Marekani, Maine, ililipuka bandarini Havana tarehe 15 Februari 1898 na kuua mabaharia zaidi ya 260. Tarehe 17 Machi Seneta Redfield Proctor, aliyekwenda Cuba kujionea, akasimama Senetini akaeleza kwa sauti ya utulivu mateso ya kambini, na hotuba hiyo iliwagusa hata wafanyabiashara waliokuwa hawataki vita. Mwezi huohuo tume ya wanamaji ikasema manowari ililipuliwa kwa bomu la nje. Congress, yaani Bunge la Marekani, ikatangaza vita tarehe 25 Aprili. Ukiyaweka haya mezani, Hearst anabaki mpiga ngoma mmoja, tena mwenye ngoma kubwa, ila wachezaji walikuwa wengi.

Ukishaizoea kanuni hii utaona visa vingi vya aina hiyo vimejaa kwenye somo letu. Kile cha redio ya CBS usiku wa 30 Oktoba 1938, mchezo wa Orson Welles kuhusu wavamizi kutoka Mirihi, kwamba Marekani nzima ilikimbilia barabarani: usiku huohuo kampuni ya upimaji wasikilizaji ilipiga simu nyumba 5,000, na ni asilimia 2 tu waliosema wanausikiliza mchezo huo. Waliopiga kelele kesho yake ni magazeti, ambayo redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo ya biashara. Kile cha Walter Cronkite, mtangazaji wa televisheni ya CBS, tarehe 27 Februari 1968, kwamba alisema vita vya Vietnam vimekwama na Rais Johnson akazima televisheni akisema amempoteza Mmarekani wa kawaida: Johnson usiku ule alikuwa Austin, Texas, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Gavana Connally. Usivitie kwenye pendekezo lako kama vilivyo, hata kama msimamizi anavipenda.

Kuhusu mada ya kuongeza, sikupi vita vya mbali. Baki mwaka uleule wa 1898 ila uteremke kusini mwa Marekani kwenyewe. Tarehe 22 Februari, wiki moja tu baada ya Maine kulipuka, genge la wazungu lilimuua Frazier Baker, posta masta mweusi wa Lake City, South Carolina, na mtoto wake mchanga. Ida B. Wells, mwandishi mweusi ambaye ofisi ya gazeti lake Memphis ilivunjwa mwaka 1892, akaenda kwa Rais McKinley kudai haki. Novemba 10, Wilmington, North Carolina, genge lenye silaha likachoma moto ofisi ya Daily Record, gazeti la Alexander Manly, mtu mweusi. Weusi wakauawa, na uongozi uliochaguliwa mjini ukalazimishwa kujiuzulu. Miezi kadhaa kabla ya hapo, News and Observer la Josephus Daniels kule Raleigh lilikuwa likichapa habari na vibonzo vya kuwatisha wazungu kuhusu weusi. Hapo gazeti na damu vinaonekana kwenye mstari mmoja, na huhitaji telegramu ya kubuni. Nakala za Daily Record zilizobaki ni chache sana, na hata uchache huo ni ushahidi. Mimi nilifika huko nikiwa nimechelewa, nafasi ya kurasa imekwisha. Wewe unaanza.

Magazeti yako Maktaba ya Congress ya Marekani, kwenye mkusanyiko uitwao Chronicling America. Ni bure, hujisajili. Usitafute kwa neno la jumla kama "Cuba", utazama. Weka tarehe kwanza, kisha jimbo, kisha jina adimu. Mimi niliingia kwa "Olivette". Mashine iliyosoma kurasa zile za zamani inakosea herufi, kwa hiyo ukikosa jina usikate tamaa, fungua toleo la siku hiyo upitie ukurasa kwa ukurasa kwa macho yako. Fanya usiku, bando la usiku ni rahisi na kurasa ni nzito. Kila ukurasa utakaoutumia uhifadhi kwenye simu na kwenye flashi, uupe jina la gazeti na tarehe, siku ya kutetea uende nao.

Hata mtu akikuletea nukuu tamu kutoka kwa profesa mwenye jina kubwa, karatasi ya siku ile kwanza. Hata mimi usiniamini. Hiyo tarehe 12 Februari 1897 niliyokupa kaifungue mwenyewe leo usiku, utazame ule mchoro, kisha ulitafute World la siku zilizofuata usome yule binti alisema nini. Halafu rudi hapa uniandikie sentensi yako mpya ya kwanza. Hata ikiwa saa nane za usiku nitaisoma.