Maswali yenu kuhusu bastola, zamu na wezi wa usiku

Barua zinazonifikia hapa Lubumbashi zimebadilika. Zamani mliniuliza habari za kodi ya nyumba, hati za lupango (kiwanja), mahari. Siku hizi swali ni bunduki. Naelewa. Aliyewahi kulala huku akisikia mlango wa jirani unavunjwa hahitaji kuulizwa kwa nini anaitaka. Nimechagua barua saba, nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Jambo yako, yaya, mkubwa wetu. Ninabadilisha pesa kando ya soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi. Kila jioni narudi nyumbani na faranga na dola za watu. Naweza kununua bastola niibebe chini ya koti? Si ni haki yangu kujilinda?

Jambo, ndugu yangu. Kujilinda ni haki yako kabisa, ila kubeba bastola ni jambo lingine. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 52, inasema Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. Haki ya raia kuwa na silaha hutaipata humo, hata ukiisoma mara mbili. Silaha zinatawaliwa na sheria ya 3 Septemba 1985, ile ya nambari 85-035, iliyoandikwa tukiwa bado Zaire. Kwa sheria hiyo, silaha huombwa. Unaomba kibali serikalini. Wakubwa wanaweza kukupa, wanaweza kukunyima, na waliyempa wanaweza kumnyang'anya. Karatasi yenye muhuri unayouziwa na mtu wa unifomu nyuma ya nganda (baa) si kibali, na siku utakayosimamishwa nayo, aliyekuuzia hatakujua.

Halafu fikiria shambulio lenyewe linavyokwenda. Wanakuja watatu, mmoja ameketi kwenye pikipiki, wawili wanatokea nyuma yako. Hawakupi nafasi ya kufungua koti. Wakigundua una bastola, wataichukua pamoja na pesa, na jumamosi ijayo itaelekezwa kwa mbadilishaji mwenzako. Mimi ningeanza na pesa zenyewe: weka sehemu kubwa kwenye simu kabla ya kufunga meza, usitoke saa ileile kila siku, na msitoke mmoja mmoja. Wabadilishaji wa kona moja mkikubaliana kuondoka pamoja, mwizi atawaza mara mbili.

Yaya, niko mwaka wa pili UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kaka yangu yuko Texas. Ametuma video, bastola kiunoni, anaingia dukani kununua mkate na hakuna anayeshtuka. Kwa nini wao wana haki hiyo na sisi hapana?

Swali lako ni zuri, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu video haionyeshi yote.

Kule haki hiyo imeandikwa. Ni Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya 1791. Kwa muda mrefu walibishana kama yanamhusu mtu binafsi au wanamgambo wa majimbo tu. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama Kuu yao ilisema yanamhusu mtu binafsi, na kwamba anaweza kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaenda mbali zaidi: haki hiyo inatoka naye nje ya nyumba, na jimbo la New York haliwezi kumtaka athibitishe kwamba ana sababu ya pekee ndipo apewe kibali. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 yanamruhusu mtu mzima asiyekatazwa na sheria kubeba bastola ya kufichwa bila kibali chochote. Texas imeingia humo tangu Septemba 2021.

Lakini hata huko haki ina mipaka. Kaka yako hawezi kuingia na bastola yake katika baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapohapo. Kuna alama nyekundu mlangoni. Mwenye duka akibandika tangazo la kukataza silaha kama sheria inavyotaka, lazima atii. Mwaka 2024 Mahakama Kuu hiyohiyo, kwa sauti nane dhidi ya moja, ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mke au mchumba wake anaweza kunyimwa silaha. Na mwambie kaka yako jambo moja la haraka: kama yuko kule kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya serikali kuu humkataza kuwa na bunduki isipokuwa kwa hali chache. Aone mwanasheria kabla hajapiga video nyingine.

Sasa hesabu, maana wewe ni mwanafunzi. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini Marekani. Ukisikia hivyo unafikiria majambazi. Lakini 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Yaani mkono ulioshika bunduki ulikuwa wa mtu wa nyumba ile, siku ya huzuni kubwa, na hapakuwa na nafasi ya kubadili mawazo. Sisemi Wamarekani ni wajinga. Historia yao ni yao, na wengi huko wanaipenda haki hii kwa moyo wote. Ninachokuomba ni kwamba ukiitamani haki yao, uitamani pamoja na hesabu hiyo.

Baba aliacha bunduki ya kuwinda, kalibri 12. Tunakaa Ruashi na wezi wanapita. Niiweke kando ya kitanda ikiwa na risasi?

Kwanza kibali: hutolewa kwa mtu, hakirithiwi kama shamba. Kama karatasi ina jina la baba, wewe uko na silaha bila kibali, hata kama ni ya halali tangu zamani. Lipeleke jambo hilo kwa wakubwa mapema, kabla halijaja kwako.

La pili nitalijibu kwa yaliyonipata. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nakaa kwa mjomba Likasi. Alikuwa mwindaji, bunduki ikisimama nyuma ya kabati, risasi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Majirani walikuwa wameibiwa juma lile, kwa hiyo kopo likahamia chini ya mto wake. Usiku mmoja umeme umekatika, nikatoka kwenda choo, kule mwisho wa lupango. Kurudi, mlango ulikuwa umekwama kwa mvua, nikausukuma kwa bega. Nilipoingia korido nikasikia bunduki inafungwa, tak. Nilitaka kusema "ni mimi", sauti ikakataa. Kilichotoka ni kikohozi. Nilikuwa na kikohozi siku zile, na mjomba alikijua. Alipowasha taa, mkono ulimtetemeka mpaka kioo cha taa kikawa kinagonga chuma chake. Asubuhi hakula. Risasi alizipeleka kwa rafiki yake anayekaa mtaa wa pili, na bunduki ikabaki nyuma ya kabati bila kitu ndani.

Nyumba zetu nyingi choo kiko nje. Watoto wanatoka usiku. Kijana anachelewa, anaruka ukuta asiamshe mtu. Usiiweke na risasi kando ya kitanda, ndugu yangu, nakuomba.

Mimi ni mama wa Katuba. Shemeji alikuwa askari, amekufa. Bwana wangu ameficha kalashi yake juu ya dari na anasema ni ya kutulinda. Sina usingizi.

Mama, una haki ya kukosa usingizi. Kalashi ni silaha ya vita, hakuna raia anayepewa kibali chake. Ile ni mali ya jeshi, shemeji aliazimwa tu. Anayekamatwa nayo anapelekwa oditora (ofisi ya mashtaka ya jeshi), mbele ya mahakama ya kijeshi, hata kama hajawahi kuvaa buti. Na ikisemekana iliwahi kutumika kuiba, ni bwana wako atakayetakiwa kujieleza, kwa kuwa marehemu hatasema.

Usiiguse. Usiishushe ukaibeba barabarani hata ukiwa unaenda kuirudisha, maana kizuizi cha kwanza hakitaamini hadithi yako. Zungumza na bwana wako mchana, watoto wakiwa shuleni, mbele ya mzee anayemheshimu. Kisha muone wakili, na kwa kumpitia yeye, au kwa padri au mchungaji wenu akiwa shahidi, ombeni wenye mamlaka waje waichukue nyumbani, na iandikwe kwamba mmeitoa wenyewe. Hapa Katanga, miaka ya 2000, makanisa kwa mpango wa PAREC yalikuwa yanampa baiskeli aliyeleta bunduki. Watu walileta. Baba wa familia alirudi kijijini anaendesha baiskeli, na hakuna aliyemcheka.

Naweza kumnunulia mtoto bastola ya kuchezea kwa Noeli?

Kama inafanana na ya kweli, hapana. Huko Cleveland, Marekani, mwaka 2014, Tamir Rice mwenye miaka 12 alikuwa na bastola ya namna hiyo kwenye uwanja wa michezo, na polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya kufika. Hapa pia wezi huzitumia usiku. Mnunulie mpira.

Mwizi akiingia kwangu, nikampiga na akafa, nitafungwa?

Inategemea alikuwa anafanya nini wakati ule unapiga. Kitabu chetu cha sheria za jinai, cha 1940, hakina kifungu cha wazi juu ya kujihami, lakini majaji wanakikubali kama kanuni ya jumla. Wanaangalia kama shambulio lilikuwa linaendelea au liko karibu kabisa, kama halikuwa halali, kama hukuwa na njia nyingine, na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari. Anayekujia na panga, ukampiga na mchi, hapo uko ndani ya kanuni. Ameangusha panga anakimbia, ukamfuata mpaka barabarani, kujihami kumekwisha na kinachoanza kina jina lingine.

Na mkimpata, akiwa amefungwa mikono, watu wakaanza kutafuta tairi na petroli, ondoka hapo, au simama umkinge kama una moyo huo. Nimeona hilo mara moja. Kijana alikuwa anaita jina la mama yake, na wiki ileile tukasikia hakuwa yeye. Wanaobaki wanaangalia wanaweza kuulizwa pia.

Mimi ni zamu, mlinzi wa usiku. Kampuni inanipa fimbo na filimbi, wezi wanakuja na bunduki. Bosi anasema sheria haimruhusu kunipa silaha. Ni kweli au ananidanganya?

Ni kweli, papa. Kampuni za ulinzi za binafsi haziruhusiwi kuwapa watu wao bunduki. Ndiyo maana mbele ya benki unaona polisi mwenye kalashi ameketi kando ya zamu asiye nayo: kazi ya silaha ni ya polisi.

Lakini bosi wako hajamaliza. Kama hawezi kukupa bunduki, yako mambo anayoweza kukupa na lazima uyadai. Taa inayowaka nje upande wa lango, na wewe ukae upande wa giza, uwaone kabla hawajakuona. Simu yenye uniti, na nambari ya polisi wa doria aliyokwisha kuijaribu yeye mwenyewe. Zamu wa pili usiku. Mkataba ulioandikwa, wenye kueleza nani analipa hospitali ukiumia na mkeo anapewa nini usiporudi. Na maneno wazi kutoka kwa mwenye nyumba, mbele yako, kwamba wakija na bunduki huna wajibu wa kufa kwa ajili ya televisheni yake. Piga filimbi, jifiche, wenzako wa avenue wajibu kwa filimbi zao.

Waone zamu wenzako wanne au watano, muende kwa bosi pamoja. Akikataa kuandika, niandikie tena, uniambie alisema nini.